Uunsi kwenye Ncha ya Sindano

Kitu nilichokiogopa kuliko vyote mwaka jana kilikuwa kidogo kuliko punje ya ufuta. Ni ncha ya sindano ya mashine ya santuri ya Ayeyo, bibi yangu mzaa mama. Ukiinama ukatazama chini ya ule mkono wa mashine unaona kichwa cha plastiki, chini ya kichwa kijiti chembamba kama sharubu za paka, na mwisho wa kijiti, kama una mwanga mzuri na subira, nukta inayometa. Hiyo nukta ni almasi. Ndiyo inayopita katika mfereji wa santuri na kuitoa sauti ya mtu. Ukiigusa vibaya kijiti kinapinda au kinakatika, na kikikatika hakuna mtu Garissa wa kukuuzia kingine. Abti, yaani mjomba wangu aliyeileta mashine, aliuliza na Nairobi. Aliambiwa sindano za aina ile zilikwisha zamani.

Ayeyo ana santuri moja tu, ndogo, yenye wimbo mmoja kila upande. Anayeimba ni kaka yake. Alikuwa dereva wa lori, akipeleka bidhaa Mandera na kupita Banissa kuchukua mbuzi, na siku moja ya ujana wake aliingia na rafiki zake katika chumba cha kurekodia Nairobi, mmoja wao akiwa na udi, ile ala ya nyuzi, wakatoka na hiyo santuri. Alifariki kabla mama yangu hajaolewa. Hakuna kanda yake. Picha yake iliyobaki amesimama mbali, kando ya lori, na uso umefutwa na mwanga wa jua. Kwa hiyo akitaka kuwa naye, Ayeyo alikuwa na kile kisahani cheusi, na kwa miaka mingi hakuwa na cha kukipigia. Alikuwa akikitoa kwenye sanduku la nguo, anakitazama, anakirudisha. Hatimaye Abti akaipata mashine kwa mtu aliyekuwa akiondoa vitu katika nyumba ya marehemu baba yake. Aliileta imezungushiwa blanketi, pamoja na santuri moja ya bendi ya tarumbeta ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeitaka.

Mimi nikawa fundi kwa sababu ni mimi peke yangu niliyesoma maelekezo. Sina cheti cha chochote ninachokijua. Asubuhi nauza vitambaa katika duka la mama yangu mdogo, na mchana uliobaki najifundisha vitu kwenye simu: kuoka mkate, kupiga picha, kuzibua sinki, kuandika Kiswahili bila kuona haya, maana nyumbani tunaongea Kisomali na haya mazungumzo yote ninayoyaandika hapa yalikuwa ya Kisomali, isipokuwa na mfamasia. Watu husema nina bidii. Ukweli ni kwamba nina hofu. Mtu mwenye bidii hujifunza jambo akalifanya. Mimi hujifunza jambo, nikajifunza namna zote ambazo watu wameliharibu, nikalala na hizo.

Kwa hiyo kabla sijaigusa ile sindano nilikuwa najua habari za watu wa nchi za mbali waliokata sindano zao kwa kitambaa, kwa mkono wa fulana, kwa kidole, kwa pumzi. Naam, kwa pumzi. Kupuliza kunarusha mate. Nilijua kwamba kwanza unazima mashine na kuchomoa waya. Unaufunga mkono kwenye kishikio chake usije ukaanguka. Unachukua brashi ndogo yenye manyoya laini. Mimi nilinunua ya kupaka rangi ya macho, mpya kabisa, na dada wa dukani akanipongeza akidhani naenda harusini. Kisha unaisogeza brashi upande mmoja tu, kutoka nyuma ya kichwa kuja mbele, kama santuri yenyewe inavyopita chini ya sindano. Ukirudi kinyume unasukuma kijiti dhidi ya kilivyolala. Ukienda kushoto na kulia, ndio mwisho wake.

Hivyo ndivyo nilivyofanya, kila kabla ya kupiga na kila baada ya kupiga. Miezi ya mwanzo sauti ilikuwa safi. Ayeyo alikuwa akikaa baada ya swala ya alasiri, miguu ameinyoosha kwenye mkeka, na anasikiliza upande mmoja, halafu wa pili, na adhana ya magharibi ikikaribia ananiashiria nizime. Hakuwa akilia. Alikuwa akimwitikia tu kwa sauti ndogo, "Haa, haa," kama mtu anayesimuliwa safari.

Halafu sauti ikaanza kufifia. Mwanzo niliona kama ni masikio yangu. Ikawa kama anayeimba amejifunika shuka. Ikawa shuka mbili. Maneno yenye s yalitoka yanakwaruza, na katikati ya wimbo sindano iliruka mstari mzima. Nikazidisha kusafisha. Brashi ilitoa vumbi la kawaida, lile vumbi letu jekundu linaloingia hata kwenye jokofu, lakini nikiikaribisha kamera ya simu na kukuza picha niliona kitu kingine kwenye ncha, donge jeusi lililoganda kama lami. Brashi ilipita juu yake na kuliacha palepale.

Nilijua la kufikiri, na nililifikiri mara moja: nimeiua. Nimeisugua sana, almasi imechakaa au imepinda, na hilo jeusi ni gundi yake inayotoka. Na kama imechakaa, kuendelea kuipiga ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu sindano iliyochakaa inakwangua mfereji wa santuri, na kilichokwanguliwa hakirudi. Kila nilipoishusha nilikuwa naona kama napitisha ukucha kwenye koo la yule mtu. Nikaanza kutafuta visingizio. Nikamwambia Ayeyo umeme ni mdogo. Nikamwambia joto ni kali, mashine ipumzike. Joto letu ni kali kila siku, kwa hiyo kisingizio hicho kilinisaidia sana.

Ndipo akaja dada yake.

Ni mkubwa kwake, anaishi Hadado, na tunamwita Ayeyo wa Hadado ili kuwatofautisha. Alikuja Garissa kufanyiwa upasuaji wa jicho. Alitoka hospitalini akiwa na bandeji upande mmoja, na jicho la pili halimsaidii sana, kwa hiyo akaketi sebuleni kwetu akiwa ameinua kidevu, kama mtu anayesikiliza mvua kwa mbali. Alikuwa hajamaliza kikombe cha kwanza cha chai aliposema:

"Nasikia mna ndugu yangu humu ndani."

"Ni ndugu yangu pia," Ayeyo akasema.

"Unaye kwenye sanduku miaka yote hii na hukuniambia."

"Nilikuambia kwa simu. Ukaniuliza kama kwetu kumenyesha."

"Kwani kulikuwa kumenyesha?"

"Hakukunyesha."

"Sasa ningesikilizaje mengine?" Akageuza kidevu upande wangu. "Wewe ndiye mwenye funguo zake?"

Nikasema ndiyo. Akanieleza polepole, kama mtu anayetoa maagizo ya maziwa, kwamba daktari amemtaka arudi siku ya Alhamisi aangaliwe, na gari la kwenda Hadado linaondoka Ijumaa baada ya swala. Hajaisikia ile sauti tangu siku kaka yao alipompandisha kwenye lori kumpeleka kwa mumewe. Hakuwahi kuisikia santuri hiyo hata mara moja. Ilipotoka yeye alikuwa malishoni, na ilipofika kwa Ayeyo hapakuwa na mashine. "Sijui kama nitakuja tena mjini," akasema. "Jicho likipona sina sababu, na lisipopona sina njia. Kwa hiyo nimsikie kabla ya Ijumaa."

"Inshallah," nikasema, "ila sindano inahitaji kusafishwa kwanza."

"Isafishe."

"Inahitaji muda."

"Huyu daktari amenifungua jicho na kulifunga, na wewe bado unaomba muda wa sindano," akasema, na Ayeyo akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaona picha yote: kikongwe ameketi na kidevu chake juu, mimi nashusha mkono, na kinachotoka ni mtu anayeimba ndani ya gunia, au kijiti kinakatika mbele yake na hakitoki chochote, si siku hiyo wala siku nyingine.

Nilisoma tena kila kitu. Walioonekana kujua waliafikiana juu ya jambo moja: uchafu ulioganda hautoki kwa brashi kavu, unatoka kwa spiriti, kidogo sana, kwenye ncha peke yake. Lakini hapo hapo walionya. Spiriti ikipanda juu ya kijiti inaweza kulainisha gundi inayoshika almasi, au kuharibu mpira ulioko nyuma. Na isiwe ile ya vidonda, kwa sababu baadhi yake huchanganywa mafuta, na mafuta hubaki kwenye ncha na kukamata vumbi jipya. Basi nikaenda kwa mfamasia. Ni mtu wa bara, amekaa Garissa muda mrefu, na tunaongea Kiswahili.

"Nataka spiriti isiyo na mafuta," nikamwambia.

"Ya kidonda?"

"Hapana. Na isiwe na manukato. Wala rangi."

Akaniletea chupa. Nikasoma karatasi yake. Nikaomba nyingine. Nikasoma hiyo pia, na nikauliza kama asilimia inayobaki ni maji tu au ni maji na kitu kingine.

"Dada," akasema, "watu huja hapa kuniuliza kilichomo kwenye chupa. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza kisichomo."

"Ni ya kusafishia kitu chembamba sana."

"Chembamba kama nini?"

Nikashindwa kumwonyesha kwa vidole. Nikamwambia yote, santuri, sindano, kikongwe mwenye bandeji. Akasikiliza huku akipanga vidonge, kisha akaniletea chupa ya tatu kutoka chumba cha nyuma, ile anayoitumia mwenyewe kufutia vyombo vyake. "Maji na spiriti, basi," akasema. "Ikimharibu babu usirudi hapa na kilio." Halafu, nilipokuwa mlangoni: "Urudi na habari, lakini."

Nyumbani nilihamisha meza mpaka dirishani, mahali ambapo jua la saa kumi linaingia kutoka pembeni. Nilinawa mikono mpaka ngozi ikavutana. Nilichomoa waya, nikaufunga mkono, nikaweka simu ikiwa imeegemea bilauri ili kamera inionyeshe ncha kwa ukubwa. Nilichovya manyoya ya brashi, nikayakausha kwenye kitambaa mpaka yakabaki na unyevu wa pumzi tu. Nikashika mkono wangu wa kulia kwa mkono wa kushoto. Nikagusa ncha, kutoka nyuma kuja mbele. Nikainua. Nikafuta brashi. Nikagusa tena.

Kwenye kitambaa kulikuwa na alama ya kahawia. Sio nyeusi, kahawia, kama chai iliyomwagika. Na nilipoinua kitambaa nikitazame vizuri, harufu ikanifikia. Nilidhani ni ya sebuleni, maana sebule yetu ina harufu hiyo daima. Nikapeleka kitambaa puani. Ilikuwa ni uunsi.

Kwa asiyejua, uunsi ni ubani unaopikwa na sukari na manukato mpaka ukawa madonge, na nyumba zetu huufukiza kila siku kwenye chetezo cha udongo. Unafukizia chumba, unafukizia nguo, shuka, nywele. Mgeni akiingia katika nyumba isiyofukizwa anajua kuna jambo. Moshi wake ni mtamu na mzito, na una utomvu. Ukipitisha kidole kwenye dari ya jikoni ya mama yangu mdogo kinanata. Sikuwahi kufikiri kwamba huo moshi huenda mahali. Nilidhani unaisha hewani, kama harufu.

Nikaendelea kugusa na kufuta mpaka kitambaa kikabaki cheupe. Nikatazama kwenye simu. Almasi ilikuwepo, imesimama sawa juu ya kijiti chake, inang'aa, haina kosa. Niliketi sakafuni. Sikuwa nimeiua. Ilikuwa imevaa sukari.

Nikaisubiri ikauke mara nyingi kuliko ilivyohitaji, kisha nikajaribu kwa santuri ya tarumbeta. Sauti ilitoka kali na wazi, tarumbeta zote zikishindana. Ayeyo akaja mlangoni akauliza kama kuna harusi. Nikamwambia hapana, imepona. Nikaitoa ya tarumbeta, nikaweka ya kaka yake, sekunde chache tu za kujaribu. Alianza vizuri. Kisha akajifunika shuka yake tena, polepole, mbele ya macho yangu. Nilipoinua mkono na kutazama, ncha ilikuwa imeshashika kahawia.

Sasa nikajua kwamba tatizo halimo kwenye sindano bali kwenye santuri yenyewe. Sindano ilikuwa ikilima utomvu na kuubeba. Lakini santuri ilikaa sandukuni, ndani ya mfuko wake, ndani ya nguo. Moshi wa sebuleni ungeifikiaje?

Siku ya Alhamisi, wakati Ayeyo wa Hadado yuko hospitalini na Abti, nilirudi nyumbani mapema kutoka dukani. Nilimkuta Ayeyo amechuchumaa chumbani kwake. Sanduku lilikuwa wazi. Chetezo kilikuwa mbele yake kikitoa moshi wa buluu, na juu ya moshi, kwa urefu wa mkono, ameishika santuri. Aliishika kwa kingo, na viganja viwili, bila kidole kugusa mifereji. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha. Nilitumia mchana mzima kumfundisha. Alikuwa akiizungusha taratibu ili kila upande upate.

"Ayeyo," nikasema. "Unafanya nini?"

"Namtayarisha, ayeyo," akasema. Kwetu mkubwa humwita mdogo kwa jina lile lile analoitwa naye, kwa hiyo sote wawili ni ayeyo. "Dada yake anamsikiliza leo. Amkute ananuka sanduku?"

"Umekuwa ukifanya hivi siku zote?"

"Ijumaa zote. Tangu mashine ilipokuja. Kabla ya hapo nilifukiza nguo zake, mpaka zikaisha, nikabaki na hii."

Nitakiri kilichonipitia kwanza, kwa sababu hakikuwa kizuri. Kwanza kabisa, kabla ya huruma, kabla ya chochote, nilifurahi. Nilifurahi kwamba sio mimi. Miezi yote nilikuwa nikijihukumu, na kumbe mkosaji alikuwa mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa bibi mwenye miaka mingi ambaye hawezi kugombezwa. Wepesi ulinishika kichwani kama mtu aliyeshusha ndoo. Kisha nikamtazama amechuchumaa, viganja vyake vimeshika kingo vizuri kuliko vyangu, na wepesi wote ukaniisha. Ningemwambiaje?

Nilifikiri kutomwambia. Ningeweza kuiosha santuri akiwa msikitini... lakini hata haendi msikitini, anasali nyumbani. Na Ijumaa angeifukiza tena. Nikakaa chini karibu naye nikamwambia yote, kwa sauti ya chini, nikianza na mambo ya moshi na sukari na nikizunguka kama mtu anayetafuta mlango. Nilimwonyesha kitambaa chenye alama za kahawia. Akakinusa.

"Basi Ijumaa zote hizo," akasema mwishoni, "nilikuwa nikimziba mdomo."

Nilianza kusema kwamba hapana, sio hivyo, kwamba kuna namna ya kuosha, lakini machozi yalikuwa yamenifika mimi badala yake. Wakati huo huo mlango wa nje ukafunguka. Abti alikuwa amemleta Ayeyo wa Hadado, bandeji imebadilishwa, na kwa kuwa hakuona vizuri alikuwa ameshajizoeza kusikia kila kitu.

"Nani kamziba nani mdomo?" akauliza akiwa barazani.

Ayeyo akamwambia, bila kujitetea. Kwamba amekuwa akimfukiza kaka yao kwa moshi Ijumaa baada ya Ijumaa, na moshi umeganda kwenye nyimbo zake mpaka hasikiki.

Ayeyo wa Hadado akafikiri kidogo. "Si ndiyo mchezo wako," akasema. "Alipokuwa mtoto na anaimba wakati wa kukamua, nani alikuwa akimtia kiganja mdomoni?"

"Alikuwa anashtua mbuzi."

"Mbuzi walimzoea. Wewe ndiye hukumzoea."

Ayeyo akamtazama dada yake, halafu akaitazama santuri, halafu kitu kikamponyoka kooni. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Walicheka wote wawili, mmoja amechuchumaa na mwingine ameshika fremu ya mlango, na Abti akaniuliza kwa macho kuna nini, na mimi nikawa napumua kama aliyepandishwa kutoka kisimani.

Ilibaki kuosha. Maji ya bomba yetu yana chumvi, yakikauka yanaacha weupe, kwa hiyo Abti akaenda kituo cha mafuta kuleta maji ya betri, yale yaliyochemshwa mvuke ukakusanywa. Nilimpigia simu akiwa njiani kumkumbusha isiwe tindikali. Nikampigia tena. Mara hiyo hakupokea. Alipofika nilisoma karatasi, nikatia tone moja la sabuni ya vyombo katika bakuli la maji hayo, nikatafuta kitambaa laini kisichotoa nyuzi. Halafu nikaishika santuri, nikairudisha mezani, nikaishika tena.

"Lete," Ayeyo akasema.

Akaishika santuri kwa kingo, na mimi nikafuta nikifuata mzunguko wa mifereji, kamwe bila kuikata, nikiepuka karatasi ya katikati yenye jina lake. Maji yakawa rangi ya chai ya rangi. Nikabadilisha maji. Yakawa hafifu zaidi. Chumba kizima kikanukia kama Ijumaa kumi zimefika pamoja. Tulisuuza kwa maji matupu na kuiegemeza kivulini ikauke, na Ayeyo akakaa mbele yake akiwafukuza nzi kwa upindo wa shuka. Kisha akasema, "Na nguo zangu? Zinaweza kufukizwa?"

"Nguo zako fukiza, Ayeyo. Sebule pia. Ila mashine tuitoe sebuleni."

"Itoke, yeye abaki chumbani kwangu," akasema. Kwa mashine alitumia neno la kitu. Kwa santuri la mtu.

Baada ya alasiri niliihamishia mashine chumbani kwake, tukaketi, Ayeyo wawili kwenye mkeka, Abti mlangoni akiwa na simu, mimi kando ya mashine. Niliisafisha sindano mara ya mwisho kwa brashi kavu, nyuma kuja mbele. Nikaishusha.

Kwanza ilikuwa ile sauti ya santuri yenyewe kabla ya mtu, kama mchanga unaomwagwa. Kisha udi. Kisha yeye, bila shuka, bila gunia, mtu aliyesimama katika chumba hiki hiki akafungua kinywa. Sikuwa nimewahi kumsikia hivyo hata siku za mwanzo. Ulisikia ulimi ukigusa meno. Ulisikia akivuta pumzi.

Ayeyo wa Hadado hakusogea. Wimbo ulikuwa unasifu ngamia na mvua na barabara ya kaskazini, na ulipofika ubeti wa pili pakatokea mkwaruzo, mdogo, tiki, tiki, kila mzunguko. Mkono wangu ukaondoka wenyewe kwenda kwenye sindano. Nilitaka kuinua, kusafisha, kuanza upya. Ayeyo wa Hadado akanikamata kifundo cha mkono, na sijui alikionaje.

"Kaa, ayeyo."

"Kuna vumbi limebaki."

"Mwache. Alikuwa na vumbi siku zote."

Nikakaa. Ikaendelea tiki, tiki, na ikaacha yenyewe, au niliacha kuisikia. Ubeti wa pili ulipoisha akaegemea mbele ghafla.

"Umesikia?" akamwambia dada yake.

"Nini?"

"Amekosea. Amemtanguliza ngamia. Inaanza mvua, ndipo ngamia anainuka. Nilimfundisha mimi huo wimbo, juu ya lori, tukielekea Eldas, nikamwambia mara ngapi, mvua kwanza, mvua kwanza. Na ameenda mpaka Nairobi, mbele ya mashine za watu, akakosea palepale." Uso wake chini ya bandeji ulikuwa umelowa, na alikuwa anacheka. "Ni yeye. Wallahi ni yeye."

Mimi nilikuwa nimeusikia ubeti huo mara nyingi sana na sikujua una kosa. Ningalijua mapema, nadhani, ningalitamani lisiwepo.

"Hakukosea," Ayeyo akasema. "Ngamia ndiye anayetangulia. Anainuka kwa sababu amenusa mvua."

"Nani kakuambia?"

"Ndivyo anavyoimba."

"Anaimba kosa."

"Umemsikia leo mara moja, mimi ninaye mwaka mzima."

"Umemfunga mdomo mwaka mzima."

Abti akasema wanyamaze kidogo, anataka kurekodi kwenye simu. Wakamwambia angoje, wamalize hili kwanza. Nikausogeza mkono wa mashine mwanzo wa wimbo kwa mara ya pili, ili wakate shauri, na yeye akaanza tena, naye Ayeyo wa Hadado akawa anaimba juu yake akimsahihisha, mvua kwanza, na Ayeyo akiimba upande wa kaka yake. Sikuitazama sindano. Nilichukua kikombe changu nikaegemea ukuta. Chai ilikuwa bado moto.